Kuvu Apewe Udongo Upi?

Chukua kilo moja ya udongo wa juu kutoka mahali lilipokuwa banda la viuatilifu la shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, Mkoa wa Pwani. Iweke kwenye mizani. Katika sampuli iliyochafuka kuliko zote, gramu 280 za kilo hiyo zilikuwa DDT pamoja na mabaki yake. HCH, sumu ya ukoo uleule, ilifika gramu 60 kwa kilo. Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 2004 na Sofia Elfvendahl, Matobola Mihale, Michael Kishimba na Henrik Kylin, na kinachotisha ndani yake si ukubwa wa namba peke yake. Sampuli zilichotwa wakati banda limekwisha kuanguka na sumu yote inayoonekana kwa macho imekwisha kuzolewa. Kwa mtazamaji, mahali pale palikuwa pamesafishwa. Kilichobaki ni udongo, na udongo wenyewe ndio uliokuwa taka: sumu ilikutwa hadi sentimita 50 kwenda chini, ikakutwa na katika maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi.

Sumu za namna hii zina jina refu katika mikataba: kemikali za kikaboni zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Mimi nitaziita sumu sugu. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, ulianza na kemikali 12, DDT ikiwamo kwa ruhusa maalumu ya kupambana na mbu wa malaria, na orodha imezidi kurefuka tangu hapo. Mkataba unaweza kukizuia kiwanda kisitengeneze na meli isilete. Mzigo ulioshushwa zamani na kuvujia ardhini hauwezi kuutoa. Hoja ninayoitetea ni kwamba kwa sehemu pana ya mzigo huo, ile iliyotawanyika kwa kiasi kidogo katika eneo kubwa, kuvu wanaoozesha mbao ndio wafanyakazi wanaofaa. Na kwamba hawajaaminiwa kwa sababu mara nyingi wamepewa udongo usio wao, au wamesifiwa kwa kipimo kisicho sahihi. Wanaonipinga wako pande mbili: wasiowataka kuvu kabisa, na wanaowataka kwa kila kitu. Nimewakalisha barazani. Watu wenyewe nimewabuni, lakini hoja zao hazikubuniwa; jambo hili hukutana nazo kila linapotajwa.

Kabla hawajasema, tumtazame kuvu. Gogo lililoanguka msituni huoza kwa namna ambazo jicho linaweza kuzitofautisha. Lipo linalogeuka kahawia, likapasukapasuka vipande vya mraba mithili ya mkaa, na ukilibana kwa vidole linakuwa unga. Na lipo linalopauka hadi kuwa jeupe, laini, lenye nyuzinyuzi zinazochanika kwa urefu kama katani. Baada ya mvua ukilikamua linatoa maji kama sifongo. Hili la pili ni kazi ya kuvu wa uozo mweupe. Ameondoa lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha nyuzi za mti, na kuacha selulosi iliyopauka. Lignini ni molekuli kubwa isiyo na mpangilio unaojirudia, iliyojaa pete za kaboni zilizofungamana ovyo, hivyo kimeng'enya cha kawaida, kinachofanya kazi kama ufunguo wa kufuli moja, hakina pa kushika. Kuvu huyu hatafuti ufunguo. Humwaga nje ya mwili wake vimeng'enya ambavyo, kwa msaada wa haidrojeni peroksidi, hunyang'anya elektroni kutoka kwenye molekuli zilizo jirani, na molekuli iliyonyang'anywa hukosa utulivu ikaanza kuvunjika. Kiumbe aliyezoea kuvunja kitu kisicho na mpangilio hachagui sana anachokivunja. DDT nayo ina pete za kaboni, na hapo ndipo wanasayansi walipopata wazo.

Kimeng'enya cha kwanza cha aina hiyo kilitambuliwa mwaka 1983 katika kuvu aitwaye Phanerochaete chrysosporium, na miongoni mwa waliokitambua ni Ming Tien na T. Kent Kirk wa maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, mjini Madison, Wisconsin. Mwaka 1985 John Bumpus, Ming Tien, David Wright na Steven Aust walieleza katika jarida la Science jinsi kuvu huyohuyo alivyowekewa DDT, lindani, PCB, benzopireni na dioksini kali kuliko zote, TCDD. Kemikali hizo zilitiwa kaboni nururifu ili ifuatiliwe inakokwenda. Sehemu yake ilitoka ikiwa kaboni dioksidi, hewa ileile anayoitoa kiumbe yeyote apumuapo. Namna hiyo ya kupima ndiyo ninayoishikilia katika mjadala wote huu. Watafiti wale hawakuridhika kuuliza kama DDT imepungua chupani. Waliikinga hewa iliyotoka na kuihesabu.

MHANDISI WA TAKA: Ndugu mwandishi, dawa ya sumu hizi inajulikana. Tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000, sekunde chache, molekuli imekwisha. Kuvu wako anataka miezi, na mwisho wake unaniambia "huenda". Chimba, pakia, choma.

Kwa udongo wa chini ya banda la Vikuge, Mhandisi ana haki yote, na wanaomtaka kuvu kwa kila kitu wamsikilize. Jaribio la uwanjani linalotajwa sana ni la Richard Lamar na Diane Dietrich, lililochapishwa 1990. Huko Wisconsin waliutia kuvu udongo uliomwagikiwa dawa ya kuhifadhi mbao, pentaklorofenoli, na katika wiki sita na nusu ilipungua kwa asilimia 88 hadi 91, japo hali ya hewa haikuwapendelea kuvu na udongo haukuongezewa mbolea ya chumvichumvi. Ni matokeo ya kujivunia. Lakini udongo ule ulianza na miligramu kati ya 250 na 400 za sumu kwa kilo. Sampuli mbaya ya Vikuge ilikuwa na miligramu 280,000. Sumu hizi mbili ni tofauti, najua, na namba zake hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo pengo la mara 700 au zaidi linasema jambo. Anayekwenda na magunia ya mbegu za uyoga kwenye udongo ambao zaidi ya robo yake ni DDT anawadanganya wanaoishi kando yake. Moyo wa uchafu uchimbwe, ufungwe kwenye mapipa, upelekwe tanurini.

Sasa tumwombe Mhandisi apige hesabu ya kilichobaki. Hekta moja ikichimbwa kwenda chini nusu mita ni mita za ujazo 5,000, na udongo mkavu wa ujazo huo hauwezi kupungua sana chini ya tani 6,500. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipokadiria viuatilifu chakavu vilivyorundikana Afrika nzima lilitaja tani 50,000, na kuzikusanya hizo peke yake kulihitaji mpango wa bara zima na wafadhili wengi. Hekta nane za udongo tayari zimezifikia tani hizo. Nani atapakia? Kwa malori ya nani, hadi tanuri gani? Na udongo uliopita kwenye joto la namna hiyo haurudi kuwa shamba; viumbe wake wamekufa na mboji yake imeungua. Tanuri linafaa mahali sumu ni nyingi na udongo ni kidogo. Hali ikigeuka, udongo ukawa mwingi na sumu kidogo, tanuri halina jibu, na kinachofanyika kwa kawaida ni kuzungushia uzio na kuondoka.

Ipo sababu ya ndani zaidi inayomfanya kuvu afae hapo. Bakteria anayeishi kwa kula kemikali fulani hupunguza kasi kemikali inapopungua, kwa kuwa chakula chake kinakwisha; mabaki ya mwisho huachwa. Kuvu wa uozo mweupe hali DDT. Chakula chake ni mabua, maranda, magome. Phanerochaete huanza kumwaga vimeng'enya vyake vya lignini anapokosa naitrojeni, kama inavyotokea ndani ya mti mkavu, na sumu iliyo karibu huvunjwa pamoja na mengine. Kwa hiyo haachi kazi eti kwa sababu sumu imebaki kidogo. Huacha mabua yakiisha, na mabua unaweza kuyaongeza. Tena sehemu ya kazi yake huifanya nje ya mwili, jambo kubwa kwa kemikali zisizoyeyuka majini na zinazojificha kwenye chembe za udongo. Nyuzi zake hupenya kwenye vitundu vidogo na kuzifuata zilipo.

MKEMIA: Mimi sina ugomvi na kuvu. Ugomvi wangu ni na neno "imepungua". Mashine yangu ikitafuta DDT isiione, watu hupiga makofi. Lakini DDT iliyopoteza klorini moja inaweza kuwa DDE, na DDE inakaa kwenye mafuta ya mwili na maziwa ya mama kama mzazi wake. Huko Wisconsin kwenyewe, sehemu ya pentaklorofenoli "iliyopungua" kuvu alikuwa ameivalisha nguo nyingine tu, ikawa pentakloroanisoli. Nyingine imegandamana na mboji, kiyeyushi changu hakiitoi. Na ile hadithi ya kimeng'enya cha 1983 kuivunja DDT, wenzetu waliikanusha 1988.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naikubali kipengele kwa kipengele. Ni kweli kwamba mwaka 1988 ilionyeshwa kuwa kimeng'enya cha lignini kinachomwagwa nje hakihusiki na kuivunja DDT. Jenomu ya Phanerochaete iliposomwa na kuchapishwa 2004, zilikutwa jeni zipatazo 150 za kundi jingine la vimeng'enya, sitokromu P450, vinavyofanya kazi ndani ya seli, na wengi leo wanaona kwamba kwa sumu kadhaa kazi kubwa inafanyika huko. Maelezo ya kwanza yalikuwa mepesi mno. Lakini kaboni nururifu iliyotoka mwaka 1985 haikufutika kwa kuwa tumekosea jina la aliyeitoa. Kuhusu pentakloroanisoli, Lamar na Dietrich wenyewe waliipima na kuitaja: ilichukua kati ya asilimia 8 na 13 ya kilichopungua. Si kidogo cha kufumbia macho. Wala si kikubwa cha kubatilisha kazi.

Jaribio linalotia uzito zaidi maneno ya Mkemia ni la Japani. Adi Setyo Purnomo na wenzake waliuchanganya udongo wenye DDT na masalia ya mifuko ya uyoga wa mamama, yaani kile kinachobaki mkulima akishavuna, ambacho kwa kawaida hutupwa. Katika siku 28, DDT kwenye udongo usiochemshwa ilipungua kwa asilimia kama 80. Gazeti lolote lingeishia hapo. Wao wakaendelea kuifuata kaboni, na baada ya siku 56 iliyofika kuwa kaboni dioksidi ilikuwa chini ya asilimia 10. Kati ya namba hizo mbili ndimo mjadala wetu ulimo. Mtu anayetaja 80 peke yake anauza uyoga. Anayetaja ile ya chini ya 10 peke yake naye anaficha kitu, maana DDT ikishafunguliwa pete yake na kung'olewa klorini haiwi tena sumu ileile, hata kama kaboni yake bado haijatoka hewani; huenda imeingia kwenye mwili wa kuvu au mboji. Huenda pia ingali DDD, ndugu mwingine wa DDT. Hatuwezi kujua kwa kupiga ramli, inabidi kupima.

Kwa hiyo namkabidhi Mkemia nafasi ya juu katika kazi hii, na nadhani wanaomtetea kuvu wangefanya hivyo tangu zamani. Kila tuta la udongo uliochanganywa na kuvu lipimwe DDT, DDE na DDD kwa pamoja, si DDT peke yake. Ipimwe klorini iliyofunguliwa na kuwa chumvi ya kawaida, kwa sababu klorini iliyong'oka hairudi. Minyoo ya ardhini iwekwe kwenye udongo huo na miili yake ichunguzwe, maana mnyoo ni kiyeyushi kilicho hai. Kinachoingia kwake ndicho kitakachoingia kwa kuku. Kisha mahali palepale pachukuliwe sampuli baada ya mwaka, kuona kama kilichogandamana na mboji kimeachiwa. Udongo ukifeli kipimo hicho, umefeli, na iandikwe hivyo. Kuvu wa uozo mweupe hawakuwahi kushinda kila mahali: kwenye udongo wenye kreosoti, lami ile ya kuhifadhi nguzo na mataruma, majaribio ya uwanjani ya Marekani yalipunguza vizuri molekuli zenye pete tatu na nne, lakini zenye pete tano na zaidi zilibaki.

MTAALAMU WA VIUMBE WA UDONGO: Wewe unamchukua kiumbe wa magogo unamzika ardhini, kwenye bakteria na kuvu wengine wenye njaa. Hapo si kwao. Atakufa kabla hajaanza. Na asipokufa, umetuletea mgeni msituni.

Hatari mbili hizi haziendi pamoja: kuvu hawezi kuwa dhaifu kiasi cha kufa ardhini na wakati huohuo awe mvamizi wa kuitisha misitu. Ukweli uko karibu zaidi na ile ya kwanza. Kuvu hawa hawapendi udongo mtupu. Ndiyo maana huwezi kunyunyiza mbegu zao kama mtama ukangojea. Huingizwa wakiwa tayari wametawala chakula chao, mabua au maranda yaliyojaa nyuzi nyeupe, kwa wingi unaowapa nguvu ya kushindana. Wengi wa walioshindwa uwanjani walishindwa hapa, kwa ubahili wa mbegu na chakula. Na kuhusu bakteria, tazama tena ule udongo wa Japani: uliochemshwa kuua viumbe wote, DDT ilipungua kwa asilimia kama 40, usiochemshwa, 80. Wenyeji wa udongo hawakumzuia mgeni. Walimsaidia, pengine kwa kuvichukua vipande alivyovikata na kuvimalizia. Chakula kikiisha, kuvu hufifia, na kwangu hilo ni jambo la kushukuru.

Suala la ugeni lina jibu jepesi. Hakuna haja ya kuagiza kuvu kutoka Wisconsin. Uyoga wa mamama unalimwa Tanzania kwenye mabua ya mahindi na mabaki ya pamba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewahi kuotesha uyoga wa jamii hiyo juu ya mabaki ya mkonge. Kwenye magogo ya misitu yetu wamo kuvu wengine wa uozo mweupe ambao hawajajaribiwa, na mtafutaji angeanza nao. Hali ya hewa nayo haiko dhidi yetu. Phanerochaete hustawi vizuri kwenye joto la karibu nyuzi 40, joto ambalo mtu wa Wisconsin hulitafuta kwa hita na ambalo rundo la mabua lililofunikwa Kibaha hulifikia bila kuombwa. Hatari yetu sisi ni ukavu: Septemba tuta likikauka, nyuzi zote zimekufa ndani ya siku chache, na kila kitu kinaanza upya.

AFISA: Kama ni nzuri hivyo, kwa nini tangu 1985 haijawa biashara ya kawaida huko ilikoanzia?

Huko ilikoanzia, ardhi ni ghali na mkataba wa usafishaji una tarehe ya mwisho. Mjenzi anayengojea kiwanja hulipa kichimbwe na kupelekwa jalalani mwezi huu, kuliko kungojea misimu miwili kwa matokeo yanayotofautiana tuta hadi tuta. Hiyo ni sababu ya pesa na muda, na haituhusu sana mahali ambapo kiwanja kilichochafuka kimekaa kitupu miaka na miaka. Lakini Afisa asiondoke akidhani kuwa kwetu itakuwa bure. Mabua ni rahisi, vibarua wapo, mbegu zinazalishwa. Ghali ni kupima. Kila sampuli inataka viyeyushi safi, mashine ya kromatografia ya gesi iliyo nzima, na mtu aliyeizoea. Na sampuli ni mamia, kwa misimu kadhaa. Bajeti ya kazi hii ikiandikwa na fungu la maabara likawa dogo kuliko fungu la mabua, nitajua kabla ya kuanza kwamba hakuna kitakachojulikana. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na vyuo vyetu vina watu wanaoijua kazi hii. Kishimba na Mihale ni watu wa hapahapa, na bila vipimo vyao na vya wenzao tungekuwa bado tunaamini kwamba Vikuge pamesafishwa.

MAMA WA KISIMANI: Mwanangu, nimewasikiliza wote. Mimi nimesikia neno uyoga. Uyoga ukiota, watoto watauchuma. Nani atawaambia huu ni wa dawa na ule ni wa mboga?

Mama ameona kitu ambacho maandishi mengi ya kisifa hukiruka. Uyoga hukusanya metali nzito kama kadimiamu na zebaki, na kwenye udongo wenye sumu mchanganyiko hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mama kwamba kilichoota juu ya tuta ni salama. Usiliwe hata mmoja, wala usiuzwe, wala wasipewe mbuzi. Wapo wanaopendekeza kwamba wanakijiji wasafishe ardhi huku wakivuna chakula, "faida mbili kwa mpigo". Naukataa mpango huo moja kwa moja. Unaweka sumu kwenye sahani ya yule aliyekwisha kuonewa mara ya kwanza. Njia ya kuepuka ipo. Phanerochaete haoti mwavuli wenye nyama wa kumvutia mtoto, hutandaza utando mwembamba tu juu ya mti. Anayetumia mamama atumie masalia yaliyokwisha kuvunwa shambani kwingine, akayafukie tumboni mwa tuta, aligeuze kabla vichwa havijachomoza, na alifunike. Uzio uwepo, na mlinzi awe mtu wa kijiji hicho anayelipwa kila mwezi, si bango lililoandikwa kwa rangi.

Tuta lenyewe si kitu cha ajabu. Chini ni turubai nene la plastiki lililoinuliwa kingo, ili maji yasiteremke na sumu. Juu yake udongo uliochimbwa kutoka kwenye pete ya nje ya uchafu, ule wa miligramu kwa kilo, uliochekechwa mawe. Unachanganywa na mabua yaliyokwisha kumezwa na nyuzi nyeupe. Ukipasua bonge, unaona nyuzi zimevuka kutoka kwenye bua zikaingia kwenye udongo kama mizizi ya nywele, na harufu yake ni ya uyoga mbichi na ardhi yenye mvua. Kivuli juu, maji asubuhi na jioni kwa kiasi cha kulowesha bila kutiririsha. Kando yake liwepo tuta la pili lenye mabua yaleyale yasiyo na kuvu, na la tatu la udongo mtupu. Matuta hayo mawili ndiyo yatakayotuambia kama aliyefanya kazi ni kuvu, au mboji na bakteria, au jua lililoipeperusha sumu hewani ikaenda kumwangukia mwingine. Wengi huyaacha kwa kubana matumizi. Bila hayo, namba yoyote ya tuta la kwanza haina maana.

MAMA WA KISIMANI: Na kisima?

Kisima kuvu hakifikii. Anataka hewa na chakula cha mti, na chini kwenye maji hakuna kimojawapo. Sumu iliyokwisha kufika huko haitavunjwa na tuta lililoko juu hata likae miaka kumi. Hata kuchimba tu kunaweza kuitikisa ile iliyotulia. Kwa hiyo kisima kilicho karibu kifungwe na maji mengine yafikishwe kwa mama kabla jembe la kwanza halijagusa udongo, na bomba hilo liandikwe mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya mabua, juu ya mbegu, juu hata ya maabara. Hapo hatungojei matokeo ya jaribio lolote. Sumu ndani ya maji yake ilipimwa, na ripoti ina tarehe ya 2004.